Butoni ya dharura kwa simu ya kazi: inaita nani?

Simu nyingi zenye mashirika na kampuni za ulinzi zinapatia watumishi wa njiani ziko na butoni moja zaidi, mbali na ile ya kuwasha na zile za sauti. Kwa Samsung XCover, butoni hiyo iko upande. XCover Pro ya mwaka 2020 iko na ya pili pale juu. Mwenye simu ndiye anachagua kazi yake: kufinya kidogo iwashe toshi, kufinya kwa muda ifungue programu ya kuongea kama kwa motorola. Inapangwa ndani ya Paramètres, kwenye Fonctions avancées. Ikiwa imefungwa, mutu wa informatiki wa kazi ndiye aulizwe, sababu simu za namna hii mara nyingi zinaongozwa toka mbali.

Kuomba musaada ni jambo lingine. Kwa simu nyingi za Android 12 na kuendelea, mutu anafinya butoni ya kuwasha mara 5 haraka haraka. Simu inapiga namba ya dharura, na ikiwa imepangwa hivyo, inatuma mesaje na mahali mwenyewe iko.

Lakini inapiga nani? Simu za GSM zinatambua 112 kama namba ya dharura. Kutambua namba si kusema kama kuna mutu wa kupokea na gari ya kutoka. Kwa shofere mwenye kukwama njia ya Walikale ao ya Fizi, afazali namba hiyo ibadilishwe, iwekwe ya mutu anayejulikana: mukubwa wa zamu, ao mwenzake mwenye kujua ile njia. Na huyo mutu aulizwe mbele. Wapatane: akipata alama, atajulisha nani? Asikimbilie kupiga simu, sababu simu ikilia mufukoni mbele ya majambazi, inaweza kuleta matata zaidi.

Kelele ni hatari yenye wengi wanasahau. Simu nyingi zinalia kama sirene zikihesabu sekunde mbele ya kupiga. Kwa ajali ya barabara, hiyo ni muzuri. Kwa kizuizi cha watu wenye silaha, hapana. Sauti hiyo inaweza kuzimwa ndani ya Sécurité et urgence, na heri izimwe leo kuliko kuitafuta siku ya woga.

Tena kuna rezo. GPS inapata mahali kupitia satelaiti, haiombe unite. Kutuma mahali hapo ndiyo kunaomba rezo, na mesaje ya kawaida inakula unite. Pale intaneti haiko, mesaje ya kawaida inaweza kupita ingawa ile ya WhatsApp inabaki inazunguka. Simu yenye kadi mbili ipangwe kutumia ile yenye kushika rezo kwa njia ya kazi, hata kama si ile ya ofisi.

Kujaribu kufanywe na namba ya mwenzako aliyeambiwa, si 112. Simu ikifinywa bure mufukoni, piga mara moja useme ni makosa, sababu mutu aliyeamushwa usiku mara tatu bila kitu, ya ine hataamuka. Na kila mwezi orodha ichunguzwe: mara nyingi inabakia na namba ya mutu aliyeacha kazi zamani.