Kuwaza, Kulota, Kuzani: habari ya maneno matatu katika Kisangani

Mtu anakuja kuungama, anasema: « Padri, nimewaza. » Anamaliza hapo. Padri akitaka kujua amewaza nini, na kwa namna gani, neno lenyewe halimsaidii sana. Kwetu Kisangani mtu mwenye deni « ana mawazo ». Mseminari mwenye kutazama dirishani wakati wa somo « ana mawazo ». Naye mwenye kupanga kisasi usiku kucha, vilevile « ana mawazo ». Neno moja linabeba mizigo ya watu watatu. Tumeona vema kutafuta lilifika hapa na wenzake gani.

Kiswahili hakikuzaliwa kwetu. Kilishuka na mto Lualaba kutoka Nyangwe na Kasongo, pamoja na watu wa Tippu Tip, ambaye mwaka wa 1887 Serikali ya Leopold ilimweka kuwa wali wa Stanley Falls. Padri Gabriel Grison na wenzake wa Moyo Mtakatifu walipoanzisha misioni ya Saint-Gabriel mwaka wa 1897, walikuta lugha hiyo imekwisha kukaa. Lakini tusisahau: wengi wa Wangwana wale walikuwa watu wa bara, wa Manyema, si watu wa pwani. Walileta maneno ya njia, ya mzigo, ya bei, ya vita. Maneno ya washairi na ya wanazuoni yalibaki nyuma. Kule Unguja na Mombasa wanajua kusema « njozi » kwa maono ya usingizini. Wanajua hata « ruya », neno la Kiarabu. Hapa Tshopo utasikia maneno hayo mara chache sana, isipokuwa kwa mtu aliyesoma vitabu vya pwani.

Neno « kuzani » lilifika, nalo ni la Kiarabu, lakini likaacha sauti ya pwani ya « kudhani ». Kwetu linasema fikira isiyo na hakika: « nilizani umekwenda ». Mwenye kuzani hajaona. Padri akisikia neno hilo asilichukue kama shitaka.

Neno « kulota » lina habari nzuri zaidi. Watu wa pwani wanasema « kuota », na wengi wetu tunafikiri kwamba ile l ni kosa la watu wa bara. Sivyo. Kiluba kinasema kulota, Kibemba ukulota, Lingala kolota. Pwani ndiyo iliyopoteza l, lakini haikuweza kuificha kabisa: katika « ndoto » inaonekana tena, imegeuka d nyuma ya n, kama ulimi unavyokuwa ndimi. Tena yule wa pwani, kwa kuipoteza, amechanganya: kuota usingizini, kuota kwa mbegu, kuota moto, yote sauti moja. Mwenye kulota wa kwetu anaeleweka mara moja. (Walimu wenye kusahihisha daftari kwa wino mwekundu wapunguze kidogo.)

Kwa ndoto za mchana, pwani wana jina: « ndoto za Alinacha », yule wa hadithi za Alfu Lela Ulela aliyeweka kikapu cha vioo mbele yake, akajiona tajiri, akajiona anampiga teke mke wake binti waziri, na teke likavunja vioo kweli. Wenye kusoma Kifaransa wanamjua dada yake, Perrette wa La Fontaine, na maziwa yake. Sisi hatuna jina. Tunarudufu tu: « kuwazawaza », kama tunavyosema kutembeatembea kwa mtu asiye na mahali pa kwenda. Nasi tunaona kwamba ni neno zuri, linastahili kuingia katika mafundisho.

Kwa sababu hapa ndipo penye shida yenyewe. Katika Confiteor tunaungama kukosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa matendo. Na Misale ya mwaka wa 1970 iliongeza kutotimiza wajibu. Mkristu akisikia « mawazo » tu, anaweza kuogopa kila picha yenye kupita kichwani. Tumekutana na watu wazuri wenye kuteswa hivi miaka mingi. Mtakatifu Toma anafundisha vingine. Fantasia, anasema, ni kama hazina ya sura zilizopokewa kwa milango ya fahamu. Hazina si zambi. Na akieleza delectatio morosa, anasema haiitwi hivyo kwa sababu ya kukawia kwa wakati, lakini kwa sababu akili imekwisha kuona, na badala ya kufukuza, inakaa pale. Dakika moja inaweza kutosha. Na saa nzima ya kuwazawaza inaweza kuwa usingizi tu wa macho wazi.

Namna gani kusema hayo katika katekisimu? Walokele, jirani zetu wa mto, wametuonyesha njia. Ngoma yao ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na maneno mengi yanafanana. Kwa hiyo hawapigi « mwezi » peke yake; wanapiga « mwezi wenye kutazama chini kwenye dunia ». Carrington wa misioni ya Kiprotestanti ya Yakusu aliandika habari hiyo mwaka wa 1949. Katekista na afanye kama mpiga ngoma: « mawazo yenye kupita », « mawazo yenye kupendwa », « mawazo yenye kusumbua kwa sababu ya shida ». Neno linakuwa refu, lakini mwenye kuungama anajua amesimama wapi.

Tena iko sababu nyingine, na wandugu waseminari wanaijua wakati wa mafungo. Asubuhi wanaambiwa wafukuze mawazo. Saa moja baadaye, kwa kufuata Mtakatifu Ignasi, wanaambiwa waone kwa macho ya moyo njia ya Nazareti mpaka Betlehemu: urefu wake, upana wake, kama ni tambarare ao ya mabonde na vilima. Lugha ileile inakataza na kuamuru. Watoto wengi wa Tshopo wanaiona njia ile ikipita katika msitu, na matope, na mto wa kuvuka kwa mtumbwi. Ignasi hakusema msitu. Lakini hakusema hapana msitu.