Barabara ya Stevenson na Misafara ya Watumwa

Ng'ambo ya mpaka wa Tanganyika, kusini kidogo, ilipita Barabara ya Stevenson, kutoka Karonga, Ziwa Nyasa, kuelekea Ziwa Tanganyika. Ilianza kujengwa 1881 kwa fedha za James Stevenson, tajiri wa Glasgow, aliyetumaini biashara halali ingeiua biashara ya watumwa. Haikuiua. Mfanyabiashara wa watumwa, Mlozi, alijenga ngome karibu na Karonga. Mateka walivishwa kongwa: mti wenye panda, shingo katikati, ukafungwa kwa kijiti au chuma mbele ya koo. Wengi walibebeshwa pembe za ndovu hadi pwani. Mlozi alinyongwa Desemba 1895. Upande wa Tanganyika, Wajerumani waliubana utumwa kwa amri bila kuufuta. Sheria ya kuufuta huko ilitoka 1922, enzi ya Waingereza.