Jamaa Aliyekula kwa Karata

Kwetu mjini ukimwambia mzee kwamba unataka kuishi kwa kucheza karata, atakuona mhuni tu. Wala tusimlaumu. Karata anazozijua yeye ni zile za chini ya mwembe alasiri, ama zile tatu za pata potea pale stendi, ambako mgeni wa mji hupoteza hata nauli ya kurudia kwao. Lakini, ndugu msomaji, yupo jamaa mmoja aliyezifanya karata kuwa kazi, tena kazi ya halali yenye mashindano, waamuzi na hundi. Anaitwa Jon Finkel, Mmarekani aliyezaliwa 1978. Nimeifuatilia habari yake kwa sababu ina swali linalotugusa hata sisi tunaoshika kalamu: kipaji kinapoanza kulipwa, nani hasa anayelipa, na analipia nini?

Tuanze na mchezo wenyewe. Mwaka 1993 mwanahisabati Richard Garfield alitoa mchezo uitwao Magic: The Gathering, na kampuni changa ya Wizards of the Coast ikautoa sokoni huko Marekani. Hizi si zile karata 52 za kopa, uru, shupaza na pau. Hapa kila mchezaji anakuja na karata zake mwenyewe, zisizopungua 60, alizozichagua kutoka mamia ya aina, na leo ni maelfu kwa maelfu. Wewe na mpinzani wako ni wachawi wawili, kila mmoja ana uhai wa pointi 20. Karata za ardhi zinakupa nguvu, na kwa nguvu hiyo unaita majitu, mizimu na radi. Ukimmaliza mwenzako, umeshinda. Karata zinauzwa ndani ya pakiti zilizofungwa, hujui umenunua nini mpaka uchane. Hapo ndipo biashara ilipo.

Utaniuliza, sasa hiyo si kamari? Bahati imo, sikatai. Ukikosa ardhi mkononi unakaa tu unatazama unavyochapwa. Lakini bahati haina rafiki, leo kwako kesho kwa jirani. Ukiona mtu yule yule anarudi meza ya mwisho mwaka baada ya mwaka, jua hapo pana kitu kingine zaidi ya bahati.

Februari 1996 kampuni ilianzisha mashindano ya kulipwa, Pro Tour, mjini New York. Finkel alikuwa na miaka 17, akacheza katika kundi la vijana. Kampuni haikutoa zawadi zile kwa huruma, bwana. Kijana akimwona bingwa wa tenisi hutamani raketi. Akimwona bingwa wa karata atachana pakiti. Mcheza karata wa kulipwa alizaliwa kama tangazo la biashara. Tusione haya kulisema hilo, maana bila hilo tusingemjua Finkel.

Lakini tangazo likipata mtu mwenye kipaji, mambo yanabadilika. Mwaka 1998 Finkel alishinda Pro Tour ya New York. Mwaka 2000 akatwaa ubingwa wa Marekani, kisha ubingwa wa dunia mjini Brussels, Ubelgiji. Fainali ile inanivutia kuliko zote. Mpinzani wake, Bob Maher, naye alikuwa mkali, na karata zao zilikuwa karibu sawa kabisa. Hapo huwezi kusema fulani kashinda kwa sababu ana pesa za kununua karata nzuri. Kilichobaki ni namna zilivyochangwa, na kichwa cha mchezaji.

Mwishoni mwa mwaka huo huo alishinda Sydney, Australia, katika shindano la walioalikwa tu. Zawadi yake haikuwa ya kawaida: mshindi alibuni karata, na sura yake ikachorwa humo. Karata ya Finkel, Shadowmage Infiltrator, ilitoka 2001. Ni kiumbe wa kujipenyeza. Akikupiga, bwana wake anachota karata moja. Shindano lililofuata, la 2001, lilifanyika Cape Town, hapa hapa barani kwetu, na mshindi alikuwa Mjerumani Kai Budde. Huyo naye si mchezo! Kati ya 1999 na 2003 alishinda Pro Tour saba. Kwa kuwa fainali zilichezwa Jumapili, wenzake walikuwa na msemo kwamba Kai hapotezi Jumapili. Hadi leo wapo wanaobishana nani zaidi, Finkel au Budde.

Sasa tuzungumze mshiko. Mwaka 2005 Finkel aliingizwa katika kundi la kwanza la mabingwa wa kukumbukwa, heshima iliyompa haki ya kualikwa kila Pro Tour. Mwaka 2008 akaenda Kuala Lumpur. Kule ilibidi kuchagua karata palepale mezani, pakiti ikipita mkono kwa mkono, hakuna kuja na mzigo ulioandaliwa nyumbani. Akashinda, akaondoka na dola 40,000. Watu walishangaa, kumbe mzee bado yumo! Lakini wakati huo karata hazikuwa tena chakula chake. Akili ile ile ya kupima hatari alikwisha ipeleka kwenye blackjack, halafu kwenye kazi ya uwekezaji wa fedha.

Tena alifanya busara. Mwaka 2019 kampuni iliwapa wachezaji 32 mikataba ya dola 75,000 kila mmoja. Kwa mara ya kwanza ikaonekana kama ajira kweli. Haikupita hata miaka mitatu, mwaka 2021, ikatangaza kwamba mpango huo unafungwa. Pro Tour yenyewe ilirudi kwa jina lake 2023, lakini mishahara ile haikurudi. Wachezaji hawakuwa wamepungukiwa akili. Ni mwenye duka tu aliyebadili namna ya kuuza.

Ndiyo maana nasema mzee wa mtaani amekosea, ila si kwa yote. Amekosea anapodhani kucheza karata hakuhitaji kazi: Finkel alifanya hesabu ambazo wengi wetu tungezikimbia. Hajakosea anapouliza utakula nini mchezo ukifungwa. Nasi vijana wa kalamu tujiulize hivyo hivyo. Gazeti linalotuchapa leo lina mwenyewe, na mwenyewe ana sababu zake. Kipaji ni chako, jamani. Meza ni ya mtu.