Wakili mchunguzi wa makosa ya kazini (Handeni na Korogwe)

Wakili mchunguzi wa makosa ya kazini ni mwanasheria anayepewa kazi na mwajiri ya kukusanya ushahidi juu ya tuhuma zinazomkabili mfanyakazi, kabla kikao cha nidhamu hakijaitishwa. Hana leseni ya pekee. Hupita njia ya mawakili wote: shahada ya sheria, Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, kisha kiapo mbele ya Jaji Mkuu.

Msingi wa kazi yake ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 pamoja na kanuni ya 13 ya Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, inayomtaka mwajiri achunguze kwanza kama kuna sababu ya kuitisha kikao. Mzigo wa kuthibitisha kwamba mtu aliachishwa kazi kihalali ni wa mwajiri.

Katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, uzito wa uchunguzi huu huonekana vizuri kwenye mkonge, zao lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893: Ngombezi, Hale na Magoma upande wa Korogwe, Kabuku upande wa Handeni. Enzi za manamba, vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, neno la mnyapara mara nyingi lilitosha kumwondoa mtu shambani. Sasa halitoshi, na ni haki lisitoshe.

Tuseme marobota ya katani, yaani nyuzi za mkonge, yamepungua ghalani. Robota moja la katani lina kilo 250 hivi. Halibebwi kichwani usiku. Kwa hiyo mchunguzi makini haanzi kwa kumbana mlinzi. Hufungua daftari la getini: gari gani liliingia, lilitoka saa ngapi, nani alisaini hati ya mzigo. Halafu huzungumza na watu wa korona (mashine ya kuchakata mkonge), wa brashi na wafunga robota, mmoja mmoja, mnyapara akiwa mbali. Maelezo huandikwa kwa maneno ya msemaji mwenyewe, naye husomewa, ndipo hutia saini au dole gumba.

Ripoti ikionyesha kuna kesi, mtuhumiwa hupewa muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na anaweza kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Mwenyekiti awe kiongozi wa ngazi ya juu asiyehusika na mkasa. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika: aliyechunguza hugeuka akawa mwamuzi.

Watumishi wa halmashauri, kama wauguzi, kwa upande wao wako chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma, na rufaa zao huenda Tume ya Utumishi wa Umma. Walimu wana Tume yao ya Utumishi wa Walimu.

Mfanyakazi wa kampuni aliyeachishwa ana siku 30 za kulalamika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huko wakili aliyechunguza huweza kuitwa shahidi na kuhojiwa juu ya kila ukurasa wa ripoti yake, ndiyo maana mwajiri mwangalifu hutetewa huko na wakili mwingine.