Pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis

Neno la Kiingereza lenye herufi 45, ambalo huhesabiwa kuwa refu kuliko yote katika kamusi kubwa za lugha hiyo. Linataja ugonjwa wa mapafu unaosababishwa na kuvuta vumbi laini mno la silika, hasa la volkano. Halikuzaliwa hospitalini: lilibuniwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, rais wa chama cha wapenda mafumbo ya maneno cha Marekani, National Puzzlers' League, kwa ajili ya urefu tu. Madaktari huandika silikosisi, yakaisha.

Anayelisoma herufi kwa herufi hupotea njiani. Afadhali kwanza alikate kwenye viungo vyake: pneumono (pafu), ultra (kupita kiasi), microscopic (-a kuonekana kwa hadubini tu), silico (silika), volcano (volkano), coni (vumbi) na osis (hali ya ugonjwa). Ndipo aingie kwenye silabi, nazo ni 19. Kwa tahajia ya Kiswahili husomeka takriban hivi: nyu-mo-no-ul-tra-mai-kro-sko-pik-si-li-ko-vol-kei-no-ko-ni-ou-sis. Ulimi ukikwama, aanzie mkiani: ousis, niousis, koniousis, kisha aendelee kupanda.

P ya mwanzo imetoka Kigiriki, ambako hutamkwa. Katika Kiingereza ni bubu. Kiswahili nacho hakikuibeba, ndiyo maana wodini husikika nimonia.

Mkazo mkuu huangukia ou, silabi ya pili kutoka mwisho, mahali hasa alipozoea msemaji wa Kiswahili. Lakini neno likishavalishwa irabu ya mwisho na kuwa koniosisi, mkazo huhamia si ya kwanza. Nimonia pia ina kisa chake: Mwingereza hukaza mo, sisi hukaza ni ya pili, na kila mmoja yu sahihi kwa lugha yake.

Alama za kugawa neno katika kamusi za Kiingereza huonyesha mahali pa kulikatia mwishoni mwa mstari, na si lazima zifuate matamshi. Katika Kiswahili mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa silabi nyingi huishia na irabu: usanisinuru ni u-sa-ni-si-nu-ru. Penye ng, mb au nd ndipo wengi huteleza. Kingamwili hugawanywa ki-nga-mwi-li, wala si kin-ga-mwi-li.