Swali la ramani za kompyuta lilitoka Kenya
Wanafunzi wengi wanaojifunza ramani za kidijitali hawajui kwamba taaluma hiyo ina mzizi hapa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanajiografia Roger Tomlinson, aliyekuwa katika kampuni ya picha za angani jijini Ottawa, Kanada, alitakiwa kutafuta mahali pa kupanda msitu nchini Kenya. Ilibidi ramani nyingi zilazwe moja juu ya nyingine na kuchambuliwa kwa mkono. Gharama haikushikika! Ndipo akawaza: kwa nini kompyuta isifanye kazi hiyo? Baadaye aliiundia serikali ya Kanada mfumo wa taarifa za kijiografia uliomletea sifa duniani.

Funzo ni lipi? Swali lilitangulia kompyuta. Leo mwanafunzi hubofya tu, tabaka zikapandana, eti uamuzi umepatikana. La hasha! Kwanza amuulize mkulima maji ya mafuriko hufika wapi.

Amuulize kwa lugha gani? Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaipa jamii sauti kupitia mkutano wake. Ramani isiyoelezwa kwa Kiswahili, au kwa lugha ya wenyeji, ni fumbo mbele ya wenye ardhi. Basi walimu, tufundishe pia kusema 'tabaka', 'mteremko' na 'matumizi ya ardhi'. Asiyeielewa ramani huamuliwa na aliyeichora.