Chunusi huzuilika kwa maji na subira, si kwa mkorogo

CHUNUSI si uchafu, wala si ishara kwamba kijana anahitaji kuoa au kuolewa kama inavyosemwa vijiweni. Ni ugonjwa wa ngozi unaoanzia ndani ya vinyweleo, mahali ambapo tezi ndogo hutengeneza mafuta ya kuilainisha ngozi. Wakati wa balehe, homoni huziamsha tezi hizo zikatoa mafuta mengi kuliko kawaida. Chembe za ngozi zilizokufa huchanganyika na mafuta hayo na kuziba tundu la kinyweleo, na bakteria wanaoishi juu ya ngozi ya kila mtu hupata mahali pa kuzaliana. Hapo ndipo kipele huvimba, huuma na mara nyingine hutunga usaha.

Homoni hazizuiliki kwa sabuni. Kinachoweza kuzuilika ni yale mambo ya kila siku yanayoongeza kuziba kwa vinyweleo, na mengi kati ya hayo hufanywa kwa nia njema.

Mfano uko Dindira, kata iliyo juu kwenye milima ya Usambara Magharibi, wilayani Korogwe, mkoani Tanga. Katika maeneo ya milimani kama hayo ya mashamba ya chai, baridi ya Juni hadi Agosti hukausha ngozi, na kupaka mafuta mazito usoni huonekana kuwa jambo la busara. Lakini kijana anaposhuka Korogwe mjini, kwenye bonde la mto Pangani lenye joto, kwa masomo au kwa biashara, akaendelea na mafuta yale yale, mambo hubadilika. Jasho na mafuta mazito hukaa pamoja juu ya ngozi mchana kutwa, na kipaji cha uso, mashavu na kidevu huanza kutoka vipele.

Wataalamu wa ngozi hushauri uso uoshwe mara 2 kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala, na mara nyingine baada ya kazi ya kutoa jasho. Maji yawe ya kawaida au ya uvuguvugu, na sabuni iwe laini. Sabuni ya mche iliyokusudiwa kufulia huikausha ngozi mno. Aidha, dodoki au jiwe la kusugulia miguu halifai usoni, kwani kusugua huongeza uvimbe. Uso ukaushwe kwa kuugusagusa na taulo safi isiyotumiwa na mtu mwingine. Kuosha mara 5 au 6 kwa siku hakusaidii. Huiwasha ngozi na kuifanya iwe na madhara zaidi kuliko faida.

Mafuta ya nazi, yanayopendwa sana ukanda wa Tanga, na siagi ya kakao ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kuziba vinyweleo vya mtu mwenye ngozi ya mafuta. Yanafaa zaidi mikononi na miguuni. Usoni losheni nyepesi hutosha, hasa ile iliyoandikwa kwamba haizibi vinyweleo. Mafuta ya nywele nayo yana lawama yake: wanaopaka mafuta mengi ili kulainisha nywele au kusuka mara nyingi hupata vipele vidogovidogo vilivyojipanga kwenye kipaji cha uso, chini kidogo ya nywele. Dawa yake ni kuyapunguza mafuta hayo, kuyaweka nyuma ya mstari wa nywele na kufua foronya, kilemba au mtandio mara kwa mara. Mwendesha bodaboda naye hana budi kuosha kamba ya kofia ngumu, kwa sababu inasugua kidevu siku nzima.

Kukamua chunusi ni kosa linaloacha alama. Kwenye ngozi nyeusi, kila uvimbe unaweza kuacha doa jeusi linalodumu miezi kadhaa hata kipele kikisha kupona, na kidole huusukuma usaha ndani badala ya kuutoa nje. Jua huyakoleza madoa hayo. Limau na dawa ya meno, ambavyo bado vinasifiwa, huunguza ngozi na kuongeza madoa yale yale ambayo mtu alitaka kuyaondoa.

Kuhusu chakula, karanga zimelaumiwa kwa miaka mingi bila ushahidi wa kutosha. Ushahidi ulio na nguvu kidogo zaidi unaelekea kwenye vyakula vinavyopandisha sukari ya damu haraka, kama soda na vitafunwa vya unga mweupe.

Hatari kubwa kuliko zote ni krimu za kung'arisha ngozi. Mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu, sabuni na dawa unaokorogwa kienyeji, mara nyingi huwa na steroidi kama betamethasoni au klobetasoli. Kwa wiki za mwanzo chunusi hunywea na uso hung'aa, na mtumiaji huamini amepata tiba. Baadaye ngozi huwa nyembamba, mishipa midogo ya damu huonekana, na vipele vipya hutoka kwa wingi. Akiacha ghafla, uso huvimba na kuwaka. Akiogopa, huirudia krimu. Huo ndio mtego wenyewe. Baadhi ya krimu huwa na zebaki, ambayo kwenye maandishi ya kopo huweza kuitwa kalomeli, na ambayo hudhuru figo na humfikia hata mtoto aliye tumboni.

Tanzania ilitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi mwaka 2003, na vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi vilipigwa marufuku. Tangu mwaka 2019, usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Hata hivyo, kopo lisilo na orodha ya viambato bado hupatikana sokoni, na hilo peke yake ni sababu tosha ya kutolinunua.

Anayehitaji dawa anaweza kuanza na benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 kutoka duka la dawa, akijua kwamba hupausha taulo na nguo. Matokeo huonekana baada ya wiki 6 hadi 8. Wengi hukata tamaa katika wiki ya 2. Antibiotiki zisimezwe bila kuandikiwa na daktari. Mjamzito naye asiguse dawa za jamii ya retinoidi, kwani isotretinoini ya kumeza husababisha ulemavu kwa mtoto.

Vinundu vikubwa vyenye maumivu, makovu yanayochimbika au chunusi zilizoanza baada ya kutumia dawa nyingine, zikiwemo baadhi za kifua kikuu, vinahitaji daktari. Kwa wakazi wa Dindira, Hospitali ya Magunga iko Korogwe mjini, na rufaa inaweza kufika hadi KCMC mjini Moshi, kilipo kituo cha kikanda cha kufundisha magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa miaka ya 1990. Mgonjwa aende na makopo yote ya krimu alizowahi kupaka, hata yale anayoyaonea aibu, maana daktari atayauliza kabla ya kuandika dawa yoyote.